Nauli inayozizuia kumbukumbu zetu kurudi nyumbani

Mwaka 1908 karani wa Kijerumani aliyekuwa akifanya kazi Dar es Salaam angeweza kuingia dukani, akanunua kadi ya posta yenye picha ya bandari, akamwandikia mama yake mistari minne, akabandika stempu ya kijani ya heller 4 na kuiacha posta. Meli ya shirika la Deutsche Ost-Afrika-Linie ingeibeba kadi hiyo kupitia Suez hadi Ulaya. Heller 100 zilifanya rupia moja, na rupia 15 zilikuwa sawa na mark 20 za Kijerumani. Kwa hiyo kadi ilivuka bahari kwa sehemu ndogo sana ya rupia.

Leo kadi kama hiyo ikitokea kwenye mnada wa mtandaoni, mtu aliyeko Dar es Salaam anaweza kupandisha dau na kuishinda kwa euro 8 au 10. Kabla hajamaliza kufurahi anapokea ankara ya pili: gharama ya kumtumia. Mara nyingi ankara hiyo ni mara mbili au tatu ya bei ya kadi. Karatasi yenye uzito wa gramu nne, iliyopigwa picha hapa na kugongwa muhuri wa posta hapa, haiwezi kurudi ilikotoka kwa bei ambayo mwalimu, karani au mwanafunzi wa historia anaweza kuimudu.

Wengi hulichukulia jambo hili kuwa kero ndogo ya watu wachache wenye kupenda vitu vya kale. Mimi naliona kuwa kubwa zaidi ya hapo. Kiasi kikubwa cha kumbukumbu za Afrika Mashariki kimetawanyika katika nyumba za watu binafsi Ulaya na Marekani, na kinauzwa kidogo kidogo kila wiki. Nauli ya posta ndiyo inayoamua nani atakimiliki.

Vitu vyetu vilivyo kwao

Tuanze na kadi za posta zenyewe. Tangu miaka ya mwisho ya karne ya 19, wapigapicha kama A. C. Gomes, ndugu wa Coutinho na Pereira de Lord walikuwa na studio Unguja, na C. Vincenti alikuwa Dar es Salaam. Walipiga picha za mitaa, masoko, majahazi, milango ya kuchonga na watu wa kila tabaka. Wanunuzi wao wakubwa walikuwa wageni: mabaharia, maofisa, wamisionari na wafanyabiashara. Wageni hao walizituma kadi kwao, na huko ndiko ziliko hadi sasa, kwenye masanduku ya wajukuu. Mjukuu akifariki, sanduku hupelekwa kwa dalali, na dalali huliweka mtandaoni.

Stempu nazo zina safari kama hiyo. Mwaka 1895 Zanzibar ilianza kutumia stempu za India zilizopigwa chapa ya jina la Zanzibar juu yake. Wachapaji walikosea herufi kwenye baadhi yake, zikatoka stempu zinazosomeka "Zanzidar", na makosa hayo ndiyo yanayotafutwa kwa bei kubwa. Januari 1964, baada ya Mapinduzi, stempu za Sultani zilizokuwa zimebaki ziligongwa kwa mkono neno JAMHURI na mwaka 1964. Ni vipande vidogo vya karatasi, lakini kila kimoja ni ushahidi wa siku ambazo serikali moja ilikuwa inaondoka na nyingine inaingia. Wanaozichunguza kwa makini zaidi wako mbali: Uingereza kuna chama kizima, East Africa Study Circle, kinachoshughulikia stempu na historia ya posta ya eneo letu.

Kuna sarafu. Pesa ya shaba ya Sultan Barghash ya mwaka 1299 Hijria, yenye mizani upande mmoja, bado inapatikana kwa bei ya kawaida. Kuna sarafu za Tabora za mwaka 1916. Wakati wa Vita Kuu ya Kwanza manowari za Kiingereza zilikuwa zimeifunga pwani, meli za Kijerumani haziingii, na serikali ya kikoloni ikaishiwa fedha za kulipa askari na wafanyakazi. Karakana ya reli ya Tabora ikageuzwa kiwanda cha sarafu. Zilitengenezwa sarafu za heller 20 kwa wingi, na kwa dhahabu ya machimbo ya Sekenke zikatengenezwa sarafu za rupia 15, zenye tembo aliyesimama mbele ya mlima, zaidi kidogo ya 16,000. Ile ya dhahabu leo ni ya matajiri. Ile ya heller 20 inaweza kununuliwa na mtu wa kipato cha kawaida, ilimradi nauli isimshinde.

Halafu kuna santuri. Mwimbaji Siti binti Saad alikwenda Bombay mwaka 1928 kurekodi, na sahani zake zikauzwa pwani yote. Miaka iliyofuata, taarabu ya Mombasa na Unguja ilitoka kwenye sahani nyingi. Tanzania haikuwa na kiwanda cha kuchapa santuri, hivyo bendi za dansi zilirekodi redioni Dar es Salaam au zikasafiri hadi Nairobi, na sahani zikachapwa huko. Nyimbo za Mbaraka Mwinshehe na Morogoro Jazz tulizipiga majumbani mpaka sahani zikachakaa. Zilizobaki safi, wanunuzi wa kigeni walizifuata kwenye maduka ya mitumba na stoo za zamani, wakazibeba. Sasa zinauzwa kwa dola na euro kwa watu wa Berlin, London na Tokyo.

Dau la 40 linavyofika 80

Mtu anayeshiriki mnada kwa mara ya kwanza huangalia namba moja tu: dau lake. Wazoefu wanajua kwamba namba hiyo ni mwanzo wa hesabu.

Chukua mfano wa kadi tano za Bagamoyo zinazouzwa kwa pamoja na nyumba ya mnada ya Ulaya. Nyundo inagongwa kwenye euro 40. Juu yake kuna ada ya mnunuzi. Ada hii ilianza kutozwa London mwaka 1975, wakati Christie's na Sotheby's walipoanza kumtoza mnunuzi asilimia 10 juu ya bei ya nyundo. Tangu hapo imekuwa ikipanda, na siku hizi asilimia 20 hadi 25 ni ya kawaida katika minada mingi ya stempu na sarafu. Tuseme ni 25: tumeongeza euro 10, tumefika 50. Ongeza euro 28 za ufungaji, rejista na bima: 78. Kadi ya benki au huduma ya malipo ikikata takriban asilimia 3 kwa kubadilisha fedha, umevuka euro 80. Mzigo haujafika forodha bado.

Hapo utaona kwamba nauli ndiyo iliyobeba sehemu kubwa ya ongezeko. Ada ya mnunuzi inakwenda kwa asilimia, kwa hiyo kitu kidogo hulipa kidogo. Nauli haijali thamani. Kadi ya euro 8 na kadi ya euro 800 zina uzito ule ule. Mwenye kununua kitu cha euro 800 haoni nauli ya euro 28. Mwenye kununua cha euro 8 inamvunja. Kwa utaratibu huu vitu vya kawaida, vile vinavyoonyesha maisha ya watu wa kawaida, ndivyo vinavyokuwa vigumu zaidi kurudi.

Kuna na ugumu mwingine. Mitandao mikubwa ya mnada imeanzisha mipango yake ya usafirishaji, ambapo muuzaji hupeleka kitu kwenye ghala lililo nchini mwake, na kuanzia hapo mtandao unashughulikia safari na makadirio ya kodi. Kwa muuzaji mpango huo ni nafuu, kwa sababu hajazi fomu na hawajibiki kitu kikipotea. Kwa mnunuzi, mara nyingi kila kitu kinahesabiwa peke yake, na nafasi ya kumwomba muuzaji aunganishe vitu vitatu kwenye bahasha moja inapotea. Wauzaji wengine huweka tangazo kabisa kwamba hawatumi Afrika. Wapo waliowahi kupoteza vifurushi, wapo ambao hawajawahi hata kujaribu. Kampuni za usafirishaji wa haraka nazo hazifikishi mzigo kwenye sanduku la barua, na sehemu kubwa ya anwani zetu bado ni sanduku la barua.

Posta ilivyobadilika

Ni rahisi kumlaumu muuzaji. Nimewasiliana na wengi kwa miaka, na wachache sana ndio wanaojitengenezea faida kwenye nauli. Wengi wao hulipa posta kiasi kile kile wanachokudai. Mabadiliko yametokea ndani ya mfumo wenyewe wa posta duniani.

Umoja wa Posta Duniani ulianzishwa kwa mkataba wa Bern, Uswisi, mwaka 1874. Wazo lake lilikuwa zuri: dunia nzima iwe eneo moja la posta. Nchi inayotuma ingebaki na pesa yote ya stempu, na nchi inayopokea ingefikisha barua bila kudai kitu, kwa imani kwamba kila barua huzaa jibu na mwisho wa yote hesabu hujisawazisha. Ndiyo maana stempu ya nchi inayotuma ilitosha peke yake. Mwaka 1969 nchi wanachama zilikubaliana kwamba hesabu haikuwa ikijisawazisha, na nchi inayotuma ikaanza kuilipa inayopokea kwa uzito uliozidi.

Malipo hayo yalibaki madogo kwa miongo mingi. Kisha biashara ya mtandaoni ikajaza mifuko ya posta kwa vifurushi vidogo, hasa kutoka China. Oktoba 2018 Marekani ilitangaza kwamba ingejitoa kwenye Umoja huo. Septemba 2019 mkutano wa dharura uliitishwa Geneva, ukakubali kwamba nchi zenye kupokea mzigo mkubwa zijipangie viwango vyao kuanzia Julai 2020, na nyingine zifuate kwa awamu kuanzia 2021. Katikati ya hayo ukaja ugonjwa wa Uviko-19. Barua na vifurushi husafiri sana kwenye matumbo ya ndege za abiria, na ndege hizo zilipokaa chini mwaka 2020, nauli za mizigo ya anga zilipaa na posta nyingi zikasimamisha huduma kwa nchi kadhaa.

Kwa wapenda santuri na vitabu pigo lilikuwa limekwisha kutangulia. Mei 2007 posta ya Marekani iliacha kutuma vifurushi vya kawaida nje ya nchi kwa njia ya bahari. Hadi wakati huo ungeweza kuagiza sanduku la vitabu au sahani, likachukua miezi miwili au mitatu kufika Mombasa, lakini kwa bei ya kuvumilika. Baada ya hapo kila kitu kikapanda ndege, hata kile ambacho hakina haraka yoyote. Santuri iliyokaa darini miaka 50 haipungukiwi kitu ikikaa melini wiki nane.

Jingine ni tofauti kati ya hati na bidhaa. Zamani muuzaji alitia stempu ndani ya bahasha, akaandika anwani, akaenda zake. Siku hizi kitu kilichouzwa ni bidhaa, hata kikiwa karatasi, na bidhaa inahitaji fomu ya forodha na taarifa za kielektroniki zinazotangulia kabla ya mzigo. Marekani ilipitisha sheria hiyo mwaka 2018 na kuanza kukataa vifurushi visivyo na taarifa kuanzia 2021, na Ulaya nayo ina mfumo wake. Sababu ni za usalama na haziwezi kubezwa. Lakini bibi wa miaka 75 anayeuza albamu ya marehemu mumewe akiona fomu hiyo, huamua kuuza ndani ya nchi yake tu.

Sanduku linalolipiwa hewa

Anayetaka kuelewa kwa nini santuri husafiri kwa bei ya kutisha na aangalie jinsi sahani za zamani zinavyofungwa.

Sahani za mizunguko 78 kwa dakika hazikutengenezwa kwa plastiki inayopinda. Ni mchanganyiko wa shelaki, gundi itokanayo na wadudu, na unga wa mawe, na huvunjika kama kigae. Sahani ya kawaida ina upana wa sentimeta 25 na uzito wa gramu 200 hivi. Mfungaji mzuri huivalisha kila moja ala ya karatasi, akazipanga tanotano, akaweka kipande cha kadibodi ngumu kila upande ili zisisuguane wala kupinda, kisha akafunga bando kwa plastiki ya mapovu. Bando huingia kwenye sanduku dogo. Sanduku dogo huingia kwenye sanduku kubwa, na kati ya masanduku hayo mawili pawe na nafasi ya sentimeta tano iliyojazwa karatasi zilizokunjwa, kila upande, juu na chini. Akipunguza nafasi hiyo, sahani inafika vipande.

Sasa tupige hesabu ya sahani kumi. Kwenye mizani, pamoja na masanduku, ni kama kilo tatu. Kampuni za usafirishaji wa haraka haziishii kwenye mizani. Hupima urefu, upana na kimo kwa sentimeta, zikazidisha na kugawanya kwa 5,000. Sanduku la 35 kwa 35 kwa 25 linatoa kilo 6.1. Kati ya uzito wa mizani na uzito wa ujazo, unalipia ulio mkubwa. Zaidi ya nusu ya nauli ni ya karatasi zilizokunjwa na hewa, na huwezi kuziondoa bila kuhatarisha sahani.

Kwa sarafu shida ni kinyume chake. Ujazo hauna neno. Tatizo ni kwamba sheria za posta za kimataifa zinakataza sarafu na madini ya thamani kwenye barua ya kawaida isiyo na bima, na kampuni kadhaa za haraka hazipokei sarafu kabisa. Hivyo kipande cha gramu saba kinalazimika kusafiri kwa huduma ya bei ya juu, au kisisafiri.

Kaunta ya kugomboa

Mzigo ukifika, safari haijaisha. Asubuhi moja katika ofisi ya posta ya mjini nilisimama nyuma ya mzee aliyekuja na karatasi ya kuitwa. Alikuwa amevaa kofia ya kiua, na mkononi ana miwani ya kusomea.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Nimekuja kugomboa barua yangu."

Ofisa wa forodha, dada wa makamo, akaifungua bahasha mbele yake. "Mzee wangu, humu mna nini?"

"Stempu za Kenya, Uganda na Tanganyika, mama. Zimekwisha kutumika."

"Kama zimekwisha kutumika, zina thamani gani?"

Mzee akatoa risiti iliyokunjwa vizuri, akaitandaza juu ya kaunta, akamwonyesha kwa kidole bei ya kila moja na bei ya nauli pembeni. Dada akaisoma, akamwita mwenzake, wakafungua kitabu cha ushuru. Walimtendea kwa heshima na hawakuwa na haraka. Shida ilikuwa kutafuta mahali pa kuziweka stempu hizo, na mpaka wanapapata foleni ilikuwa imefika mlangoni.

Mahali pake papo. Mfumo wa kimataifa wa kuainisha bidhaa, ambao Afrika Mashariki inaufuata, una sura nzima kwa ajili hiyo, Sura ya 97. Namba 9704 ni ya stempu za posta, 9705 ni ya makusanyo yenye thamani ya kihistoria, zikiwemo sarafu, na 9706 ni ya vitu vya kale vilivyozidi miaka 100. Muuzaji akiandika kwenye fomu neno moja tu, "karatasi" au "chuma", ofisa hana pa kuanzia. Akiandika "stempu zilizotumika, za mwaka 1938, 9704" na kuambatisha ankara, kazi inakuwa nyepesi kwa wote. Kodi ya ongezeko la thamani ni asilimia 18 Tanzania Bara na 16 Kenya, na kwa mizigo ya baharini ushuru hukokotolewa kwa bei iliyojumlishwa na nauli na bima. Kwa mzigo wa namna hiyo unalipa nauli, halafu unalipa kodi ya nauli.

Wauzaji wengine hujitolea kuandika "zawadi" au kushusha thamani ili kumsaidia mteja. Ni msaada wa hatari. Kudanganya forodha ni kosa, na kifurushi kikipotea fidia hulipwa kwa thamani iliyoandikwa.

Kariakoo wameshaweza

Nikiongea na vijana wanaopenda vitu hivi, nasikia wakikata tamaa kana kwamba nauli ni mvua, haina wa kuizuia. Lakini tuna watu hapa hapa ambao wamepambana na tatizo hili kwa miaka na kulishinda: wafanyabiashara wa Kariakoo, wa Eastleigh na wa Kampala.

Mama mwenye duka la mikoba Kariakoo hakodi kontena zima kutoka Guangzhou. Ana wakala mwenye ghala kule. Bidhaa alizonunua kwa wauzaji sita zinapelekwa kwenye ghala moja, zinasubiriana, zinaunganishwa na za wenzake, kisha kila mmoja analipia kilo zake kwa ndege au ujazo wake kwa meli. Hakuna anayelipa nauli mara sita. Watanzania na Wakenya waishio Uingereza nao wana mawakala wanaokusanya mizigo ya watu wengi na kuituma Dar es Salaam na Mombasa kwa utaratibu huo.

Wakusanyaji wa stempu, sarafu, kadi na santuri wanaweza kufanya vivyo hivyo kuanzia mwezi huu. Wanachohitaji ni ndugu au rafiki mwaminifu mwenye anwani moja Ujerumani na mwingine Uingereza, nchi ambazo vitu vyetu vingi vinauzwa. Kila mmoja anunue kwa wakati wake, vitu vitumwe kwenye anwani hiyo kwa nauli ndogo ya ndani, na mara mbili kwa mwaka vifungwe pamoja na kuja vikiwa na orodha, ankara na namba za forodha. Kadi mia moja kwenye kifurushi kimoja cha nusu kilo zinaweza kugawana nauli ambayo sasa kadi tano zinaibeba peke yao.

Kila mmoja peke yake naye ana la kufanya. Aulize nauli kabla ya kuweka dau, kwa maandishi, na hiyo ndiyo iwe namba ya kwanza kwenye daftari: atoe nauli na ada kutoka kwenye kiasi alicho nacho, kinachobaki ndicho dau lake la mwisho. Mali bila daftari huisha bila habari, na mnada ndio mahali ambapo daftari husahaulika upesi. Anunue vitu vingi kwa muuzaji mmoja kuliko kimoja kimoja kwa wengi. Aulize kama nchi ya muuzaji bado ina huduma ya polepole. Aulize pia kuhusu kodi ya ongezeko la thamani ya Ulaya, kwa kuwa bidhaa inayotoka nje ya eneo lao kwa kawaida huweza kusamehewa au kurudishiwa kodi hiyo, lakini asiyeuliza mara nyingi halipwi. Na aepuke chochote chenye pembe ya ndovu, hata kiti cha enzi kizuri cha Lamu chenye vipande vya pembe, kwa sababu mkataba wa CITES na sheria za nchi zinabana biashara hiyo, na mzigo unaweza kukamatwa.

Kazi ya mamlaka

Kuna yale ambayo mnunuzi hawezi kuyafanya. Posta zetu zinakaa kwenye vikao vya Umoja wa Posta Duniani, na makao makuu ya Umoja wa Posta Afrika yako Arusha, kwenye jengo lake refu lililozinduliwa 2023. Huduma ya bei nafuu na ya polepole kwa vitabu, hati, picha na sahani ni hoja inayostahili kubebwa kutoka Arusha hadi kwenye vikao hivyo. Mfumo wa posta umewahi kuwa na huruma ya namna hiyo kwa machapisho, kwa kuwa nchi zilikubali kwamba elimu isilipe nauli ya biashara. Historia ni elimu.

Jumuiya ya Afrika Mashariki nayo inaweza kuangalia upya jinsi vitu vya Sura ya 97 vinavyotozwa vinapokuwa vimetengenezwa Afrika Mashariki na vinarudi Afrika Mashariki. Sarafu ya Tabora inayoingia Tabora si bidhaa ya anasa kutoka ng'ambo. Mwongozo mfupi kwa maofisa wa posta, ukurasa mmoja wenye namba tatu na picha, ungewaondolea wazee wetu saa nzima ya kusimama kaunta.

Makumbusho na nyaraka za taifa nazo zina nafasi. Taasisi hizo hazina bajeti ya kufukuzia kila kadi ya euro 8, na pengine hazipaswi kuwa nayo. Lakini zinaweza kuwa anwani. Mkusanyaji akikubali kwamba kila alichonunua kitapigwa picha kwa ubora mzuri na kuwekwa kwenye kumbukumbu ya taifa, taasisi inaweza kumsaidia kwa barua ya utambulisho na kwa nafasi kwenye mzigo wake. Yeye anabaki na kadi, nchi inabaki na picha.

Kila wiki kadi, stempu na sahani hizi zinauzwa, na nyingi zinanunuliwa na watu wanaozipenda kweli na kuzitunza vizuri. Sina ugomvi nao. Ninachotaka ni mwalimu wa historia wa Kigoma au Malindi aweze kuingia kwenye mnada huo huo akiwa na nafasi sawa na mnunuzi wa Hamburg. Mshahara wake hatuwezi kuupandisha kwa makala ya gazeti, lakini nauli tunaweza kuipunguza kwa kuigawana, na watu watano wenye anwani moja Hamburg wanatosha kuanza.